Geuza Picha, Usome Nyuma

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini huku ukisubiri daladala, juma hili nimeletewa swali na msikilizaji mmoja wa Dar es Salaam. Anasema nduguye aliyeko Ulaya aliingia katika jumba linalouza picha za sanaa, akakuta ukutani picha moja isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu. Kwenye kibandiko pembeni paliandikwa: Benako, Tanzania, 1994. Akauliza bei, akatajiwa maelfu ya dola. Alipotoka alipita duka la vitabu, akakuta kitabu cha mpiga picha yule yule kimejaa picha za namna ile ile, na kitabu kizima hakikufikia bei ya fremu aliyoiona ukutani. Msikilizaji wangu anauliza: je, hawa watu wamerogwa, au kuna jambo sisi hatulijui?

Hawakurogwa. Kuna jambo, na si gumu kulielewa. Nitalieleza kadiri nilivyojifunza, na mwishoni nitakiri kosa nililolifanya mwenyewe kwa sababu nililijua nikiwa nimechelewa.

Tuanze na Benako. Mimi ni mzaliwa wa Nyabibuye. Kwa mkazi wa mjini asiyepajua, Nyabibuye iko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Nilipokuwa mtoto tulikuwa wilaya ya Kibondo. Tangu mwaka 2012 tuko wilaya mpya ya Kakonko. Ukielekea kaskazini kutoka kwetu unaingia Ngara, na Ngara ndiko iliko Benako.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na nchi ile ikawaka. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Watu walianza kupita kwetu usiku na mchana, wamebeba mikeka, masufuria, kuku na watoto. Sijamsahau mzee mmoja ambaye hakubeba mzigo wowote kichwani. Kifuani alikumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa kitenge. Alipoketi chini ya mwembe wetu kupumzika akakifungua, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakifunga tena. Ilikuwa picha ya harusi katika fremu ya kioo. Katika nyumba nzima aliyoikimbia, ndicho kitu alichochagua.

Miezi sita baadaye ikawa zamu ya Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa halijapata kuona watu wengi namna ile wakivuka mpaka kwa kasi ile. Benako ikawa mji wa turubai kwa siku chache. Ilisemwa kwamba kwa wingi wa watu ilikuwa ya pili nchini baada ya Dar es Salaam. Wengi wao walirudishwa Rwanda Desemba 1996.

Miongoni mwa waliofika Benako mwaka ule alikuwamo mpiga picha wa Brazili, Sebastião Salgado. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1944 na alisomea uchumi. Aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London, na kazi hiyo ikawa inamleta Afrika. Katika safari hizo alianza kupiga picha, na mwaka 1973 akaacha uchumi akashika kamera moja kwa moja. Alitumia kamera za Leica na filamu isiyo na rangi. Picha zake za Benako zinaonyesha watu wengi, moshi wa mapishi na vibanda vya turubai hadi upeo wa macho. Nyingi za kazi zake za miaka ile kuhusu watu waliohama makwao zilitoka katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2000. Alifariki mjini Paris Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 81.

Sasa turudi kwenye bei. Ili tuielewe inatupasa kuingia kwanza katika chumba cha giza.

Wenzangu wa rika langu na wakubwa zangu mnakumbuka kusafisha picha. Ulipeleka filamu studio, ukaambiwa rudi Ijumaa. Kule ndani filamu ilitiwa katika dawa ikawa negativu, yaani picha iliyogeuzwa: cheupe kimekuwa cheusi na cheusi kimekuwa cheupe. Kisha fundi alipitisha mwanga katika negativu hiyo uangukie juu ya karatasi maalumu. Karatasi ile imepakwa utando wa jelatini wenye chumvi za madini ya fedha. Mwanga unapoigusa huoni kitu. Lakini ukiichovya katika dawa, sura ya mtu inajitokeza polepole kama mtu anayetoka katika ukungu. Halafu inachovywa katika dawa nyingine ili sura isiendelee kubadilika, inaoshwa kwa maji mengi, inaanikwa. Huo weusi unaouona katika picha za kale ni fedha halisi.

Negativu moja inaweza kutoa nakala moja au nakala elfu. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kudhani kwamba nakala zote ni sawa. Hazilingani. Negativu ni kama unga, na anayesafisha ndiye mpishi. Unga ni ule ule, lakini ugali wa mama yako si ugali wa jikoni shuleni. Fundi anaamua sehemu gani aipe mwanga zaidi iwe nyeusi, na sehemu gani aikinge kwa kiganja ibaki nyeupe. Anachagua karatasi na dawa, anaamua dakika.

Mfano mmoja mashuhuri ni wa Ansel Adams, Mmarekani aliyefariki mwaka 1984. Mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez katika jimbo la New Mexico. Katika maisha yake alitoa nakala zaidi ya 1,300 za picha hiyo moja. Zile za mwanzo zina mbingu ya kijivu yenye mawingu hafifu. Za baadaye mbingu ni nyeusi kama masizi. Negativu ni moja na mkono ni mmoja, lakini mtu wa miaka 39 na mtu wa miaka 70 hawaoni mbingu sawasawa.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji hutenganisha nakala katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nakala ya enzi yake: iliyosafishwa na mpiga picha mwenyewe, au mbele ya macho yake, karibu na wakati picha ilipopigwa. Fungu la pili ni nakala ya baadaye, iliyotolewa kwenye negativu ile ile baada ya miaka kumi, ishirini au hamsini, pengine mwenyewe ameshafariki. Zote mbili ni halali iwapo muuzaji anasema ukweli. Lakini nakala ya enzi ni chache, kwani zamani zile hakuna aliyedhani kwamba picha itauzwa kama dhahabu. Mpiga picha alitoa mbili au tatu, moja akapeleka gazetini, nyingine akampa rafiki, basi.

Mwaka 1924 Man Ray, Mmarekani aliyekuwa akiishi Paris, alipiga picha ya mgongo wa mwanamke aliyefahamika kwa jina la Kiki, akauchora matundu mawili kama ya fidla. Mei 2022 nakala ya enzi ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 12.4. Hakuna picha iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo mnadani. Lakini sura hiyo hiyo unaweza kuipata kwenye kadi ya posta kwa bei ya soda. Aliyenunua hakununua sura. Alinunua kipande cha karatasi kilichokuwapo katika chumba cha giza cha Man Ray.

Picha za Salgado nazo zina hesabu yake. Katika nakala alizozitia sahihi, mara nyingi pembezoni pana muhuri wake uliokandamizwa katika karatasi bila wino, unaousikia kwa kidole. Nyuma, kwa penseli, ameandika mwenyewe sahihi, mahali na mwaka. Mnunuzi makini huuliza zaidi: mwaka ulioandikwa hapa ni wa kupigwa picha au ni wa kusafishwa kwa nakala hii? Picha ya mwaka 1994 inaweza kuwa imesafishwa mwaka 2010. Ndugu ya msikilizaji wangu angeuliza swali hilo, angeelewa nusu ya bei.

Utaona basi kwamba mkusanyaji anapopewa picha, jambo la kwanza analofanya ni kuigeuza. Sisi tunatazama sura. Yeye anasoma nyuma. Nyuma kuna muhuri wa studio, jina la mtaa, tarehe ya gazeti lililoitumia, namba ya jalada, maandishi ya mkono, hata alama ya gundi inayoonyesha kwamba ilibanduliwa kutoka katika albamu. Picha isiyo na kitu nyuma ni kama mtu aliyekuja mjini bila barua ya utambulisho. Anaweza kuwa mtu mwema, lakini nani atamdhamini?

Karatasi nayo hutoa ushahidi wake. Karatasi za kale hazikuwa na plastiki. Karatasi yenye utando wa plastiki ilienea katika miaka ya 1970. Kwa hiyo ukiletewa picha inayosemwa ni ya mwaka 1950, nawe ukaigusa ukaona ni plastiki tupu, jua kwamba ama ni nakala ya baadaye ama unadanganywa. Katika picha nyingi za kale utaona pia kwamba sehemu nyeusi za pembeni zimeanza kung'aa kama kioo ukiziinamisha kwenye mwanga. Hiyo ni fedha inayopanda juu kadiri miaka inavyokwenda.

Kuna na mtihani mwingine ambao vijana wa disko watauelewa upesi. Umewahi kuona shati jeupe linavyowaka chini ya ile taa ya zambarau? Linawaka kwa sababu sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya karatasi za picha navyo vilianza kutia dawa za namna hiyo. Karatasi ya kabla ya hapo haiwaki. Mwaka 1999 jambo hili lilizua kashfa kubwa Marekani. Palikuwa na picha za Lewis Hine, yule aliyewapiga picha watoto waliofanyishwa kazi viwandani, zilizouzwa kuwa ni nakala za enzi yake. Zilikuwa na sahihi yake. Wataalamu walipozichunguza wakakuta baadhi ya karatasi zina ile dawa ya kung'arisha. Na Hine alifariki mwaka 1940. Maiti hasafishi picha.

Huenda sasa unasema: haya ni mambo ya wenye fedha zao, sisi tunahusikaje? Ngoja nikupeleke Bamako, mji mkuu wa Mali.

Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio katika mji huo. Watu walikuja na nguo zao nzuri, saa, redio, hata pikipiki, naye aliwapiga picha uani kwake mbele ya pazia la maua. Alipotakiwa kuifanyia kazi serikali ya nchi iliyokwisha pata uhuru, studio ikafungwa, negativu zikabaki sandukuni. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilitundikwa katika maonyesho mjini New York. Jina la mpiga picha halikuandikwa, kwa kuwa waandaaji hawakulijua. Mwenyewe alikuwa hai, yuko kwake Bamako. Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris. Alifariki mwaka 2001 jina lake likiwa maarufu duniani.

Sasa sikiliza jambo hili. Picha kubwa za Keïta zinazoning'inia katika majumba ya makumbusho, nyingine zikimpita mtu kimo, ni nakala za baadaye, zilizosafishwa Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1990. Nakala zake za enzi zilikuwa ndogo, sentimita 13 kwa 18, saizi ya negativu yenyewe. Nazo zilikuwa wapi? Zilikuwa ukutani kwa mama fulani, katika sanduku la mzee fulani, kwa fundi wa fremu ambaye mteja wake hakurudi. Asili ilikuwa kwa watu wa kawaida muda wote.

Na huku kwetu ni vivyo hivyo. Unguja, Barabara ya Kenyatta, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe akaiendeleza. Familia ngapi za Zanzibar zina picha zilizotoka pale? Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi wa kukata na kuunganisha picha hadi mtu akatokea mahali ambapo hakuwahi kusimama. Kila mji wetu ulikuwa na studio yake, na kila studio ilikuwa na muhuri wake. Nakala za enzi za mafundi hao hazipo Paris. Zipo chini ya vitanda vyetu, pamoja na kadi za kliniki na hati za mashamba. Mchwa wanazijua kuliko sisi.

Hapa ndipo nafikia kosa langu.

Wazee wa Buha wanakumbuka habari za manamba. Wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuajiri watu mwaka 1944, kikajulikana kwa jina la Silabu, na Buha ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa watu wengi. Mtu alipewa namba na kipande, akapandishwa treni ya reli ya kati, kisha lori, hadi Tanga. Babu yangu mzaa baba alikwenda safari mbili. Ya kwanza alirudi, akaleta shuka, baiskeli na picha. Ya pili, mwaka 1958, hakurudi. Hakuna barua iliyokuja, wala mtu wa kusema amekufa au yu hai. Baba alikuwa mtoto wa miaka minne.

Picha ile ilikuwa ndogo kama kiganja. Babu amesimama, suruali imepigwa pasi, mkono mmoja juu ya kiti, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na mnazi. Nyuma ya picha palikuwa na muhuri wa studio wa wino wa zambarau, na chini yake maandishi ya mkono. Nadhani yaliandikwa na karani, kwa sababu babu hakusoma. Bibi naye hakusoma, lakini aliyahifadhi. Kila mjukuu alipofika darasa la tatu aliitwa ndani, akapewa ile picha, akaambiwa: "Nisomee mumeo anasema nini." Nasi tulisoma kwa sauti. Nami nilisoma. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto, nilicheka kuitwa mume wa bibi, maneno nikayasahau.

Bibi alifariki. Mwaka 2009, nikiwa nimeshapata stashahada yangu ya uandishi wa habari na sauti yangu inasikika redioni, nikaona ni aibu babu kukaa sandukuni mdogo vile, amefifia. Niliichukua ile picha, nikaipeleka studio moja mjini. Nikaomba aoshwe, akuzwe, atiwe rangi. Baada ya juma moja nilikabidhiwa babu mkubwa, suti ya buluu, mashavu ya kung'aa, fremu ya dhahabu. Nilifurahi. Nilipouliza ile ndogo, kijana wa mapokezi alitafuta kidogo, akasema haionekani, pengine ilitupwa na takataka. Nikasema si kitu, maadamu hii tunayo.

Nilifika Nyabibuye na fremu yangu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Akasema, "Asante mwanangu, amependeza." Kisha akaigeuza. Nyuma palikuwa na ubao mwembamba na misumari miwili. Akauliza, "Na ile nyuma yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Shangazi hakunigombeza. Aliiweka fremu mezani, akaenda kuota moto.

Baadaye nilielewa ukubwa wa jambo nililolifanya. Muhuri ule ulikuwa na jina la studio na la mtaa. Maandishi yale, kwa kadiri wajukuu tunavyokumbukana, yalikuwa na jina la shamba. Wengine wanasema palikuwa na namba. Kama tungekuwa nayo leo, tungejua tuanzie wapi Tanga: tuulize nani, katika makaburi gani, au tuna ndugu wangapi tusiowajua. Nilikuwa nimeshika shahidi pekee wa familia, nikamlipa mtu amng'oe ulimi. Na mimi ndiye mwenye stashahada. Kazi yangu ni kuuliza nani, wapi, lini.

Ndiyo maana nasema wale wanaotoa maelfu ya dola hawakurogwa. Wanajua kwamba karatasi ya kwanza ina habari ambazo nakala haina. Tofauti yetu ni kwamba wao wanazilipia habari hizo na sisi tunazitupa.

Lakini nisimalize kana kwamba wakusanyaji wana majibu yote. Rudini nami Benako. Mwaka 1991 mwandishi Ingrid Sischy, katika gazeti la The New Yorker, alimlaumu Salgado kwamba anayapamba mateso ya watu hadi mtazamaji anasahau mateso na kustaajabia pambo. Wapo waliomtetea, nami ni mmoja wao kwa sehemu. Mtu yule hakuja kutalii. Baada ya kuyaona ya Rwanda aliugua rohoni, akaiacha kamera kwa muda, akarudi katika shamba la wazazi wake huko Brazili lililokuwa limegeuka jangwa. Yeye na mkewe Lélia waliunda taasisi mwaka 1998, wakapanda miti zaidi ya milioni mbili hadi chemchemi zikarudi.

Hata hivyo, penseli yake nyuma ya picha inasema Benako, Tanzania, 1994. Inataja mahali, mwaka na jina la aliyepiga. Yule mama aliyejifunika blanketi, haimtaji. Sidai kwamba katika robo milioni ya watu angeweza kuuliza majina yote. Nasema tu kwamba picha hiyo ina thamani yote ya sokoni na bado inakosa kitu kimoja ambacho picha ya yule mzee chini ya mwembe wetu ilikuwa nacho: mtu anayeweza kusema huyu ni fulani, na huyu ni mkewe.

Sasa la kufanya. Nitalitaja kwa ufupi, mwenye kalamu aandike.

Ukiwa na picha za kale nyumbani, zitoe leo, uzigeuze. Soma kilichopo. Tumia simu yako kupiga mbele na nyuma, zote mbili. Mahali pasipo na jina, muulize mzee angali hai, kisha andika kwa penseli laini, taratibu, pembezoni mwa upande wa nyuma. Usitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya na kutokea usoni kwa mtu. Usiipeleke ikafungwe katika plastiki ya moto kama kitambulisho, kwani haitatoka tena salama. Usiigandishe kwenye kioo. Iweke katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, mbali na moshi wa jikoni na joto la bati, na sanduku lisigusane na sakafu.

Ukitaka ikuzwe au irekebishwe, simama pale pale fundi aipige, kisha uondoke na ya kwako. Kubwa utaifuata Ijumaa.

Akija mtu mlangoni anayenunua picha za zamani, usimfukuze, wala usimwuzie siku hiyo. Muulize anazipeleka wapi. Hakikisha umebaki na nakala ya pande zote mbili, na ukubaliane na ndugu zako kwanza, kwa kuwa babu si wako peke yako.

Na wewe wa mjini mwenye uwezo, unayetaka kuanza kukusanya, huna haja ya kungoja mnada wa New York. Tafuta mafundi wazee wa studio zetu na familia zao. Lipa bei ya haki, andika nani alikuuzia na nani yumo pichani, uombe ruhusa yao. Mkusanyaji mwema ni mtunzaji. Yule mwingine ni mchukuzi tu.

Fremu ya dhahabu bado iko ukutani kwa shangazi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nyuma ya ule ubao, kati ya misumari miwili, alikuwa amembembeleza mjukuu wake aandike kwa penseli yale wanayoyakumbuka: jina la babu, jina la baba yake, Nyabibuye, Tanga. Chini yake mtoto ameacha nafasi ya mistari miwili. Nilimwuliza shangazi nafasi hiyo ni ya nini. Akasema, "Ni ya yule atakayejua."

Kama kuna msikilizaji wa Tanga ambaye marehemu babu yake aliendesha studio katika miaka ya 1950, na daftari zake bado zipo, naomba asizichome. Aniandikie kupitia kituo hiki.

Hadi juma lijalo, siku na saa kama hii, kwaherini.